Noah mpya au ya zamani? Pima mzigo wako kwanza

Kuanzia Chamazi na Mbande hadi Bunju na Mabwepande, swali ninaloulizwa sana siku hizi si la mbegu wala la dawa ya kantangaze. Ni hili: "Bwana shamba, Noah ipi nichukue, ile ya zamani au hii mpya?" Mimi nimesomea kilimo, umakanika sikusomea. Lakini gari likinunuliwa kwa fedha ya mbolea, au kwa kuuza kipande cha shamba, hapo tayari limeingia kwenye kazi yangu.

Nianze na msimamo wangu ili usisubiri. Kama unabeba mboga, nyanya, mihogo au chakula cha kuku, Noah iliyofanyiwa mabadiliko, yaani ya mwaka 2001 kuja huku, si gari lako. Ni gari zuri sana, ila waliolitengeneza hawakuwa wanakufikiria wewe.

Tazama ukoo wake. Noah ya kwanza, ile tunayoiita SR40, ilitoka Japani mwaka 1996. Ilizaliwa kwenye ukoo wa LiteAce na TownAce, magari ya kazi. Injini iko chini ya viti vya mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Novemba 2001 wakaibadilisha kabisa: injini ikahamia mbele, magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayovuta, sakafu ikashuka, na mlango wa kusukuma ukawekwa pande zote mbili. Ikaja pamoja na ndugu yake Voxy. Wakaibadilisha tena 2007, 2014 na 2022, na kila mara ilizidi kuwa gari la familia. Toyota wenyewe hawakuacha mzigo. Waliuacha kwa TownAce ya mizigo, ambayo mpaka leo inasukuma kwa nyuma.

Hilo la kusukuma na kuvuta ndilo linalotutesa sisi wa barabara za ndani. Ukipakia nyuma ya SR40, mzigo unakandamiza magurudumu yale yale yanayofanya kazi. Ukipakia nyuma ya Noah mpya, pua inanyanyuka na magurudumu yanayovuta yanakuwa mepesi. Kwenye lami ya Barabara ya Kilwa hutaona tofauti. Iingize kwenye kilima chenye mchanga au tope la masika, huku nyuma kuna viroba vya pumba, utaona magurudumu ya mbele yanazunguka gari likiwa pale pale. Zipo zenye fowili, ni kweli, lakini zinakunywa mafuta zaidi na zina vitu vingi vya kuharibika.

Halafu uzito. Hapa naomba usome taratibu. Noah nyingi zimeandikishwa Japani kama gari la watu wanane, na kule mtu mmoja anahesabiwa kilo 55. Zidisha: kilo 440. Huo ndio mzigo wote ambao gari limepimwa kuubeba, dereva akiwemo. Wewe na dereva wako mkiwa na kilo 70 kila mmoja, zinabaki 300. Ukiwa na matenga ya nyanya ya kilo 40, ni matenga saba na nafasi kidogo. Kung'oa viti kunakurudishia uzito wa viti hivyo tu. Springi na breki ni zile zile. Najua unaona wenzako wanapakia kumi na tano, tena na lumbesa juu. Uliza wanabadilisha shokapu mara ngapi kwa mwaka.

Sasa linganisha na kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo ya injini ya cc 660 tunayoicheka. Kwa sheria ya Japani inaruhusiwa kubeba kilo 350 za mzigo, mbali na watu waliokaa mbele. Yaani kirikuu imepimwa kubeba mzigo mwingi kuliko Noah yenye watu wawili! Na TownAce ya mizigo ya kuanzia 2008, ya injini ya cc 1,500, imepimwa kilo 750. Kama unataka gari lililofungwa, lenye kivuli, linalopanda kilima likiwa na mzigo, ulizia hiyo kabla ya Noah yoyote. Ni ngumu kuendesha kwa raha na haina sifa mtaani. Shemeji zako hawataisifia.

Nissan Serena na Honda Stepwgn sitazichambua sana. Kwa mzigo zina tatizo lile lile la kuvuta kwa mbele, na fundi wa mtaa wako huenda hazijui vizuri. Noah walau spea zake utazipata Gerezani kila siku.

Ila hata spea za Noah si sawa. SR40 ya petroli ina injini ya 3S, ya kizamani, ambayo fundi chini ya mwembe anaifahamu. Noah ya 2001 hadi 2007 ina injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Mafuta machafu ya kwenye madumu ni adui yake. Zile zilizotoka baada ya mabadiliko ya 2004 nyingi zina gia ya CVT, inayotaka oili yake maalumu. Ukiweka oili yoyote kwa kubana matumizi, utanunua gia boksi.

Haya, wanaoitetea Noah mpya nao wana hoja. SR40 ya mwisho sasa ina zaidi ya miaka 20. Mipira imechoka, bodi inakula kutu kwa hewa yetu ya bahari, na injini ikiwa chini ya kiti, rejeta ikivuja unaweza kuchelewa kujua joto limepanda. Ukiagiza gari nje, kodi inategemea ukubwa wa injini na umri wa gari, kwa hiyo la zamani si lazima liwe nafuu. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika, kitumie kabla hujatuma hata shilingi.

Na yupo mtu ambaye nitamwambia achukue Noah mpya bila kusita: mfanyabiashara wa mayai na vifaranga. Trei za mayai ni nyepesi, haziitaji nguvu, zinataka utulivu. Springi za vyuma vya kirikuu zitakuvunjia mayai kabla hujafika lami. Mwenye mchicha na matembele ni kinyume chake. Vioo vingi vya Noah vinageuza gari kuwa tanuri saa nne asubuhi. Kwenye kirikuu tatizo ni upepo unaonyausha, na huo unazuilika kwa magunia mabichi juu na kuondoka shambani kabla ya alfajiri.

Kuna wanaosema: asubuhi mboga, mchana abiria. Kubeba watu au mizigo ya wengine kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA. Ukifanya biashara hiyo kwa namba za njano na ajali ikatokea, bima inaweza kukataa kukulipa.

Mwisho ni hesabu, na hii ni ya mfano tu, weka namba zako. Tuseme kukodi kirikuu ni shilingi 40,000 kwa safari, nawe unatoka mara tatu kwa wiki. Kwa wiki nne ni 480,000. Gari la milioni 14 litakuchukua miezi 29 kurudisha fedha hiyo, na hapo hujaweka petroli, matairi wala dereva. Kwa wengi wenu wenye robo eka ya mchicha, jibu langu ni kuungana wanne au watano, mkodi kirikuu moja kwa makubaliano ya mwezi, na fedha iende kwenye pampu ya maji.

Ambaye hesabu imemkubalia, nenda kaone gari na fundi wako, si wa muuzaji. Beba viroba sita vya kilo 50, mpakie, kisha mwombe muuzaji mpande kilima cha vumbi. Akikataa, rudi nyumbani na viroba vyako.