Hadithi za Picha Zistahilizo Kujalidiwa



Naomba nafasi katika gazeti la shule yetu nipate kusema neno juu ya jambo lililozusha maneno mengi muhula uliopita katika kamati ya maktaba. Jambo lenyewe ni hili: je, hadithi za picha zina haki ya kuwekwa katika kabati la maktaba pamoja na vitabu vingine? Kamati iliamua kwamba hazina. Nilikuwapo siku ile, nami sikujitetea vizuri, maana wenzangu walianza kucheka mara tu nilipofungua sanduku langu. Sasa nimepata utulivu wa kufikiri, na nataka kujibu kwa kalamu.

Sanduku lile la bati si langu kwa asili. Ni la baba yangu mdogo, ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa mwanafunzi hapa Bukoba, na kila alipopata vijisenti alinunua gazeti la Sani. Wasomaji wadogo huenda hawalijui vizuri. Ni gazeti la hadithi na vichekesho lililoanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake limetokana na herufi za mwanzo za majina yao wawili. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, na yule mtoto mtundu Madenge, ambao wazazi wetu wakisikia majina yao hutabasamu hata kabla ya kuambiwa habari. Baba mdogo anasema magazeti yalivuka ziwa kwa meli kutoka Mwanza, na siku ambayo meli ilichelewa yeye alishinda gatini kama mtu anayengoja mgeni wa heshima.

Alikuwa na matoleo zaidi ya mia. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, yapata saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ardhi lilipotupiga, alikuwa amepanga chumba Hamugembe. Ukuta wa nyuma ulianguka. Yeye alikuwa nje, namshukuru Mungu, lakini sanduku lilifukiwa, na lilipochimbuliwa mvua ilikuwa imekwisha kuingia. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka magazeti yameanikwa juu ya majani ya migomba nyumbani kwetu Muleba, na bibi akiuliza kama hizo ndizo mali alizookoa mwanawe. Yalisalimika hamsini na nane. Nilipofaulu kuja sekondari, baba mdogo alinipa yote, akaniambia, “Mwanangu, yasome, lakini usiyatawanye.”

Basi katika yale hamsini na nane ilikuwamo hadithi moja ndefu ya upelelezi, yenye sehemu saba. Nilikuwa nayo sehemu ya kwanza hata ya tano, na ya saba. Ya sita haikuwamo. Kila aliyewahi kusoma hadithi ya namna hii anajua neno “Itaendelea” linavyoudhi, lakini mwenzangu wa miaka ya 1990 aliudhika kwa muda wa toleo moja tu, na mimi niliudhika miaka miwili. Niliuliza sokoni Bukoba, nikauliza Kemondo, nikauliza kwa wauza magazeti wa stendi ya Muleba, ambao walinitazama kama mtu aliyepotelewa na akili. Mwisho, likizo ya Desemba, nilikwenda kunyolewa Muhutwe kwa kinyozi mmoja mzee. Ukuta wake wote amebandika kurasa za magazeti ya zamani, na juu ya kioo nikaona mtu wangu yule mwenye koti jeusi amesimama mlangoni. Ilikuwa sehemu ya sita!

“Shikamoo mzee,” nikasema, “naomba uniuzie karatasi hii.”

“Marahaba. Nikiibandua,” akajibu, “udongo nao utakuja, na wewe hutakuja kunipigia lipu.”

Alisema kweli. Nikaomba penseli. Nikainakili sehemu ile yote nikiwa nimesimama, picha kwa picha, huku wateja wakinyolewa chini ya kiwiko changu na kunilalamikia. Ilikuwa na kurasa mbili tu, na moja pembe yake ilikuwa imeliwa na mende, kwa hiyo maneno ya picha ya mwisho nimeyakisia. Kurasa hizo mbili za mkono wangu sasa zimeshonwa mahali pake, na ni mbaya sana, maana sijui kuchora miguu. Hata hivyo hadithi imekamilika.

Nimesimulia habari hii kwa kuwa ndiyo hoja yangu yenyewe. Mwenzangu mmoja katika kamati alisema kwamba hadithi za picha ni karatasi za kusoma na kutupa. Namjibu kwamba ni za kutupa kwa sababu tunazitupa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, magazeti makuukuu yamepata soko jipya kwa wauza karanga, na mimi mwenyewe nimekula karanga zilizofungwa katika nusu ya Ndumilakuwili. Hadithi ikipasuliwa vipande hamsini, kipande kimoja Bukoba, kingine Biharamulo, kingine kwenye ukuta wa kinyozi, hapana budi itaonekana ni upuuzi. Hata kitabu cha Shaaban Robert ukikipasua hivyo kitaonekana upuuzi.

Tazama wenzetu wanavyofanya. Tintin, yule kijana mwandishi wa habari mwenye mbwa mweupe, alianza tarehe 10 Januari 1929 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels. Alikuwa wa kurasa chache kila juma, kama wetu tu. Lakini hadithi ilipokwisha ilikusanywa ikawa kitabu chenye jalada gumu, na mchoraji wake, Hergé, alipofariki mwaka 1983 alikuwa ameacha safu nzima. Vitabu vyote pamoja na kile ambacho hakukimaliza ni 24. Nilivikuta vichache katika nyumba ya padri mmoja, vimezeeka lakini vizima, navyo ndivyo vilivyonionyesha kwa mara ya kwanza maana ya mfululizo. Asterix naye alizaliwa katika gazeti la Ufaransa mwezi wa Oktoba 1959, na mwaka 1961 alikuwa tayari kitabuni.

Wajapani ndio walionishangaza zaidi. Wao huchapa hadithi zao kila juma katika gazeti nene la karatasi duni, na watu wao hulisoma na kulitupa bila huruma, kama sisi. Tofauti ni kwamba wanajua baada ya miezi michache sura tisa au kumi zitakusanywa katika kijitabu cha kurasa kama mia mbili chenye namba mgongoni, nacho ndicho kinachowekwa. Hadithi ya One Piece ilianza mwaka 1997, na juzuu zake zimepita mia moja. Mtoto aliyezaliwa mwaka uleule ni mtu mzima sasa, na akitaka kurudi mwanzo anakwenda dukani kununua juzuu ya kwanza.

Sasa rudi kwetu. Mzee Edward Gitau wa Kenya alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, na kwa miongo mingi wasomaji wa Taifa Leo walimkuta Juha huyo gazetini. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha na kuwachoma wasomaji wa gazeti la Uhuru kuanzia miaka ya 1960, wakati wa Azimio na Ujamaa, hata jina lake likatoka gazetini likaingia vinywani mwa watu. Mimi, mwanafunzi wa historia, nafundishwa Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwa vifungu na tarehe. Hayo ni mema na ya lazima, maana mtihani wa Novemba haucheki. Lakini ningependa kujua pia mtu wa kawaida alimcheka nani mwaka ule, na alivaa suruali ya namna gani alipokuwa akicheka. Katika maktaba yetu hakuna juzuu hata moja ya Chakubanga wala ya Juha. Tintin yupo katika nyumba ya padri, na Juha hayupo popote ninapoweza kufika kwa baiskeli.

Kuna pingamizi mbili ambazo haifai nizipite kimya. La kwanza ni la mwalimu wetu mmoja ninayemheshimu sana, kwamba magazeti kama Sani yana mambo ya mapenzi yasiyowafaa wanafunzi wa kidato cha kwanza. Ni kweli, wala siwezi kukataa. Katika yale hamsini na nane yamo manne ambayo nimeyarudisha kwa baba mdogo, naye alipoyaona alikohoa akayatia mfukoni. La pili ni kwamba picha humfanya mtu mvivu wa kusoma. Hapo sikubali. Nimejifunza maneno mengi ya mjini, na methali nyingi zilizopinduliwa kwa mzaha, kutoka kwa Lodi Lofa, na huwezi kucheka methali iliyopinduliwa kama huijui ilivyosimama.

Wala sisemi kwamba kila kilichokusanywa ni kizuri. Kitabu cha Tintin cha safari ya Kongo, kilichotoka mwaka 1931 na kuchorwa upya mwaka 1946, kinawaonyesha jirani zetu Wakongo kama watoto wajinga, na nilipokisoma uso ulinipata joto. Mwenzangu mmoja alisema kichomwe moto. Mimi nasema kiwekwe, mwalimu akisome pamoja nasi, kwa kuwa kikiwa mezani tunaweza kukijibu. Tena Mkongo Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amekwisha kuonyesha kwamba kalamu hiyohiyo inaweza kushikwa na mkono mwingine.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Aanze na Abunuwasi, kitabu cha Gado kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996. Gado ni Mtanzania, jina lake kamili Godfrey Mwampembwa, aliyejulikana zaidi kwa vibonzo vyake vya siasa katika magazeti ya Kenya. Kitabu hicho ni kizima chenyewe, hakina “Itaendelea”, na hadithi zake bibi yako anazijua. Baada ya hapo atafute Kingo wa James Gayo. Vichekesho vyake ni vifupi, kwa hiyo ukikosa toleo moja hupotezi njia. Hadithi ndefu za Sani ni za mtu mwenye moyo mgumu. Asizianze mpaka amekwisha kupata sehemu tatu zinazofuatana, la sivyo atapata ugonjwa niliougua mimi. Na kama ana ndugu Kenya, amwombe Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 likigawiwa bure. Kitu cha bure ndicho hupotea upesi kuliko vyote, na nina hakika miaka ishirini ijayo kitatafutwa kwa tochi.

Kukusanya kwenyewe kuna adabu yake. Panga kwa namba ya toleo, usipange kwa mwezi, maana gazeti huweza kuchelewa au kuruka mwezi, lakini namba hairuki. Ng’oa pini zote za chuma kabla ya kushona, kwa kuwa mvua ya Bukoba haina mchezo, na kutu hula karatasi kuanzia katikati. Usitumie gundi ya unga, mende wanaipenda kuliko sisi tunavyopenda senene. Mimi nilikwenda kwa fundi mmoja mjini anayejalidi madaftari ya ofisi. Alitaka shilingi elfu sita kwa juzuu, nikamwomba, akakubali elfu nne kwa sharti kwamba nitoboe matundu mwenyewe. Nilitoboa Jumamosi tatu mfululizo kwa sindano ya magunia. Matoleo hamsini na manne sasa ni juzuu tano, zimevikwa kitambaa cha buluu, na mgongoni nimeandika namba kwa rangi nyeupe. Ya tatu imekaa upande kidogo. Kosa ni langu, si la fundi.

Sasa nakuja kwenye ombi. Mwezi wa Novemba nitafanya mtihani, kisha nitaondoka. Baba mdogo ameniruhusu niziache juzuu hizi tano shuleni kama kamati itakubali mambo mawili: ziwekwe pamoja katika kabati moja, na zisomewe mezani maktabani, zisiazimwe bwenini, ambako najua vizuri karatasi hutumika kwa kazi gani. Kama kamati itakataa tena, sitakasirika. Nitazipakia katika basi la Muleba nizirudishe nyumbani, na yeyote atakayetaka kujua nani alimuua mwenye duka katika sehemu ya saba itambidi apande kilima cha kwetu aulize kwa bibi.

Kamati itakutana Jumatano ya pili baada ya gazeti hili kutoka. Sanduku liko chini ya kitanda changu, na ufunguo nimempa kiranja wa maktaba, ili mjumbe yeyote anayetaka kuzisoma kwanza kabla ya kupiga kura azisome.