NENO KWA JAMAA: Andikeni jina la kijana mwenye kuhama



Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya vijana ambao munawaona kila siku, lakini hawako katika kitabu chochote. Wanafika kwa lori, kwa treni, kwa moto ama kwa miguu. Wamoja wanatoka Kasai, wengine Tanganyika, wengine Haut-Lomami, wengine katika vijiji vya hapa karibu. Walisikia kwamba huku kuna shaba na kobalti. Asubuhi wanaosha mawe, wanabeba mifuko, wanauzisha maji. Mangaribi wanatafuta bukari na pahali pa kulala. Karieri ikifungwa, wanahamia ingine. Masomo waliyaacha kalasi ya tatu ama ya ine, na hakuna mutu mwenye kuwauliza neno juu ya ile.

Watu wanasema: "Hii ni kazi ya serikali." Ni kweli, ni kazi ya serikali. Lakini serikali itawaona namna gani, kama sisi wenye kukaa nao hatujui hata majina yao?

Feza inafuata majina

Taabu hii si yetu peke yetu. Tuangalie kwanza inchi ingine iliyokutana nayo zamani, kisha turudi hapa kwetu.

Kule Marekani kuna jamaa zenye kufuata mavuno. Wakati wa baridi wanachuma machungwa Florida, na joto likianza wanapanda kaskazini kuchuma matunda na mboga za inchi zingine. Mutoto wao anaanza mwaka wa masomo mahali pamoja, na mbele mwaka haujaisha wazazi wamekwisha kuhama. Mwaka 1960 Edward R. Murrow alionyesha katika televizyo maisha ya watu hawa, na Wamarekani wengi walisikia haya: watu wenye kuwaletea chakula mezani, watoto wao hawasomi.

Mwaka 1965 Raisi Lyndon Johnson alitia sahihi sheria kubwa ya kusaidia masomo ya watoto wamasikini. Yeye mwenyewe katika ujana wake, mwaka 1928, alikuwa mwalimu wa watoto wamasikini katika muji mudogo wa Cotulla, kule Texas. Lakini sheria ile iligawa feza kwa hesabu ya watoto wenye kukaa pahali. Mwenye kuhama hakuhesabiwa huku wala kule. Basi mwaka 1966 bunge liliongeza sehemu ya feza kwa ajili yake peke yake.

Angalieni namna sheria ile ilivyotengenezwa mpaka siku zetu. Inamuhesabu mutoto tangu miaka 3 mpaka 21, kama hajamaliza masomo ya sekondari, na kama katika miaka 3 iliyopita alihama kwa sababu ya kazi ya mashamba ama ya uvuvi. Inamuhesabu vilevile kijana aliyekuja peke yake bila wazazi, ambaye hajaingia hata siku moja katika kalasi ya inchi ile. Na kila jimbo linapata feza kufuatana na hesabu ya majina yaliyoandikwa.

Ndiyo sababu kule kuko watu ambao kazi yao ni kutafuta majina. Wanakwenda mashambani, katika kambi za wafanyakazi, katika maduka, hata kanisani siku ya Mungu. Wanauliza: Uko na miaka mingapi? Ulihama lini? Ulikuja kutumika kazi gani? Jina likiandikwa, mwalimu anaweza kumufuata kijana ku kambi mangaribi, nyuma ya kazi, na kumufundisha Kiingereza na hesabu. Akihamia jimbo lingine, habari za masomo yake zinamufuata. Kwa wale wenye miaka 16 na zaidi walioacha masomo, mwaka 1967 serikali ilianzisha musaada mwingine, unaopitia katika vyuo vikubwa, ili wapate cheti chenye uzito sawa na cha sekondari.

Wapendwa, musifikiri kwamba kule kila kitu ni asali. Mwezi wa saba mwaka 2025 serikali yao ilizuiza feza nyingi za masomo, na ndani yake karibu dola milioni 375 za watoto wenye kuhama. Watu walilalamika na majimbo yalikwenda tribinali, na mwisho wa mwezi ule feza ilifunguliwa. Lakini waliweza kulalamika kwa sababu moja: watoto walikuwa na majina. Mutu anaweza kudai feza ya watoto walioandikwa. Feza ya watoto wasiojulikana, nani ataidai?

Na hapa kwetu?

Wazee wanakumbuka wakati wa Union Minière na wa Gécamines. Kampuni ndiyo ilimuleta mutumishi. Ilikuwa na jina lake, jina la bibi yake na la kila mutoto. Jina lile lilifungua nyumba, unga, hospitali na masomo. Sisemi kwamba wakati ule ulikuwa muzuri kwa kila mutu, lakini mwenye kuhama alihesabiwa. Gécamines ilipozaifika, hesabu ile ilikufa nayo. Mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10 000 waliondoka kazini kwa ile tuliyoita "kuondoka kwa mapenzi". Kijana mwenye kufika leo hakuna kampuni iliyomuita. Amejileta mwenyewe.

Sheria zetu hazikumusahau. Katiba ya mwaka 2006, katika sehemu yake ya 43, inasema masomo ya primeri ni lazima, na ni bure katika masomo ya serikali. Tangu mwezi wa kenda mwaka 2019 serikali ilianza kutimiza neno lile, na sisi wote tuliona kalasi zinajaa mpaka watoto wanakaa chini. Tulifurahi, hata kama walimu wengi waliendelea kungojea mushahara. Lakini jiulize: nani alijaza kalasi zile? Ni mutoto wa miaka 6 mwenye mama karibu na mwenye karatasi. Kijana wa miaka 14 aliyeacha masomo ku kalasi ya tatu atasikia haya kukaa pamoja na watoto wa miaka 8. Hatakwenda.

Kwa huyu kuko mulango mwingine, na jamaa nyingi hawaujui. Ni vituo vya ratrapaje, chini ya serikali upande wa mambo ya jamii. Ndani yake miaka sita ya primeri inafundishwa kwa miaka mitatu: kila mwaka kijana anamaliza kalasi mbili. Mwisho anafanya mutihani ule ule wa serikali ambao watoto wengine wanafanya, na akishinda anaweza kuingia sekondari. Kwa wale wakubwa zaidi kuko vituo vya kusoma na kuandika, na vya kujifunza kazi ya mikono: kushona, useremala, kuchomelea vyuma. Vituo hivi ni wazaifu. Mara nyingi mwalimu anaishi kwa feza kidogo ya wazazi, na kijana wa karieri hana muzazi hapa. Hapo ndipo musaada wa serikali unahitajiwa zaidi.

Feza itatoka wapi? Tusiseme upesi kwamba hakuna. Sheria ya mine iliyogeuzwa mwaka 2018 inagawa kodi ambayo kampuni inalipa juu ya mawe yaliyouzishwa. Katika kila franga 100, 50 zinakwenda Kinshasa, 25 zinakwenda jimboni, 15 zinabaki kwa komine, sekta ama ushefu wa pale mine iko, na 10 zinawekwa kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Zile 15 sheria inasema zijenge vitu vya musingi vya faida ya watu wote. Chumba cha kalasi ni kitu cha musingi. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji na mitaa inayoizunguka, na wajumbe wa watu wa pale wanakaa katika kamati ya kuamua. Wamoja wao wanaimba katika kwaya zetu.

Kuko mufano mwingine. Mwaka 2019 Banki ya Afrika ya Maendeleo ilikubali kutoa karibu dola milioni 80 kwa serikali yetu, kwa ajili ya mupango wa kutoa watoto katika kazi ya kobalti kule Haut-Katanga na Lualaba: watoto warudi masomo, na wazazi wapate kazi ya kulima na kufuga. Lakini mupango wa namna hii unaanza kwa orodha. Mutoto ambaye mama yake ni jirani ya shefu wa mutaa anaandikwa. Mwenye kulala chini ya hema ya plastiki ku karieri, nani atamutaja?

"Lakini si watoto wetu"

Najua neno hili. Linasemwa ku soko, ku pompi ya maji, na wakati mwingine mbele ya mulango wa kanisa: "Warudi kwao. Hata watoto wetu hawajatosheka." Baba na mama, sitaki kuwakemea. Muzazi mwenye watoto sita na feza kidogo ana haki ya kuogopa. Lakini musome Mambo ya Walawi 23:22. Mungu anamuamuru mwenye shamba asivune mpaka ku pembe. Pembe ni ya masikini na ya mugeni. Angalieni vizuri: pembe haikuwa zawadi ambayo mwenye shamba anatoa akipenda. Ilikuwa sheria. Feza ya serikali kwa mwenye kuhama inafanana na ile pembe. Haikutoka katika sahani ya mutoto wako.

Tena fikiri vile mambo yanavyokwenda. Kijana asiyejua kusoma anauzisha mawe yake ku depo, na hawezi kusoma mizani wala kuhesabu bei. Akikosewa kila siku, uchungu unaingia ndani. Uchungu wa vijana mia moja wasiojulikana utaingia katika mutaa wako, si katika mutaa wa Kinshasa. Kumufundisha ni kulinda nyumba yako mwenyewe.

Kitabu cha Hesabu kinaanza na watu walio katika jangwa, wenye kuhama kila wakati, bila muji. Na Mungu anamuambia Musa awahesabu jina kwa jina. Hakungojea wafike Kanana. Aliwahesabu katika safari.

Tufanye nini?

Moja, nunueni kaye moja. Kila kikundi cha wamama ama cha vijana kichague watu wawili waaminifu. Waulize jina, miaka, pahali alipotoka, kalasi aliyoacha. Vijana wengi wanaogopa kaye. Wanawaza ni polisi ama watu wa kodi. Basi waelezeni kwanza sababu, musipige picha, na kaye ile ikae kwa mama mumoja anayeheshimiwa. Asipatiwe mutu mwenye kutaka kuwafukuza.

Mbili, muangalie karatasi. Mutoto mwenye kuzaliwa hapa aandikwe mbele siku 90 hazijapita, na ni bure. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kupata hukumu ya tribinali inayoshika nafasi yake. Kama aliacha bulletin yake kijijini, barua ya pasta wa hapa kwa pasta wa kule inaweza kuileta na lori. Makanisa yetu yako pande zote za inchi. Hatuna haja ya kompyuta kwa kazi ile.

Tatu, pelekeni hesabu ku mulango unaopaswa. Musiende kusema, "Tusaidieni, tuna taabu." Semeni: "Katika mutaa huu kuna vijana 43 wenye miaka 10 mpaka 17, hawasomi, na hii ndiyo kalasi ambayo kila mumoja aliacha." Muipeleke kwa burgumesta ama shefu wa sekta, kwa watu wa mambo ya jamii, na kwa kamati ya ile 0,3%. Muombe karatasi inayoonyesha kwamba wamepokea. Mukinyimwa, rudini. Yule mujane wa Luka 18 hakwenda mara moja.

Ine, fungueni kanisa. Jengo letu linakaa bure kutoka siku ya kwanza mpaka ya tano. Mangaribi, nyuma ya kazi, linaweza kuwa kalasi. Na mwalimu apewe kitu. Tusimutumikishe kwa maombi tu.

Na wewe kijana unayesomewa ukurasa huu na rafiki yako kwa sababu mwenyewe huwezi kuusoma: usisikie haya. Miaka mitatu ni mingi, lakini itapita tu, ukisoma ama usiposoma. Njoo, sema jina lako.

Bwana Yesu alisema juu ya muchungaji mwenye kondoo mia. Alijua kwamba mumoja amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni vijana wangapi wenye kuhama tunaojua majina yao katika njia yetu?
2. Nani katika kanisa letu anakaa katika kamati ya maendeleo? Tulikwisha kumuuliza feza inafanya nini?
3. Someni Kumbukumbu la Torati 10:18-19. Jamaa yetu ilihamia hapa mwaka gani, na nani alitupokea?

Mungu awabariki mpaka mwezi unaokuja.

Wenu katika Bwana,
Pasta