Dawa Imechukuliwa au Imemezwa?

Tuseme nesi anamwuliza mgonjwa kama ameshachukua dawa. Mgonjwa anaitikia, maana pakiti anayo mfukoni tangu jana alipoipokea dirishani. Hajameza hata kidonge kimoja. Nesi alitaka kujua kama amekunywa dawa, lakini kitenzi “take” kilitangulia kichwani mwake.

Kitenzi hicho hata kwao kilifika kikiwa kigeni. Kilikwenda Uingereza na Waskandinavia wa enzi za Wavikingi, kikamwondoa polepole mwenyeji wake, “niman”, ambaye ndugu yake wa Kijerumani, “nehmen”, yungali hai. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alikipa maana 134. Mwingereza hukitumia kumeza dawa, kupiga picha, kupanda basi, kumpeleka mtoto shule na, akiongeza “off”, kuvua viatu.

Kiswahili kina kitenzi kwa kila kazi hapo. Kwa nini basi zote zitupiwe “chukua”?

“Chukua” ina maisha yake. Asili yake ni kubeba: ndiyo maana bandarini kuna wachukuzi na serikalini kuna wizara ya uchukuzi. Mwanamke huchukua mimba. Majirani wanaochukuana wanapatana, na wanaochukuliana wanavumiliana. Hakuna hata moja kati ya maana hizi iliyoazimwa Ulaya.

“Kuchukua hatua” imeshazoeleka na haimpotoshi mtu. Kuipiga vita ni kupoteza nguvu. Kinachoudhi ni tangazo linalosema mkutano “utachukua nafasi” Jumamosi. Nafasi ya nani? Mchezaji wa akiba ndiye anayechukua nafasi ya mwenzake. Mkutano hufanyika. Vivyo hivyo picha hupigwa. Anayeichukua ameiondoa mezani.

Chanzo kimojawapo ni darasani, mwanafunzi anapokaririshwa kwamba “take” ni “chukua”, neno kwa neno, kisha akaachwa hapo. Angepewa sentensi kumi na kutakiwa aseme Kiswahilini mtu hufanya nini katika kila moja, angerudi na kunywa, kupanda, kupeleka, kuvua, kupiga, na pengine “kutwaa”, ambayo kurasa za michezo bado zinaitunza kila timu inapotwaa ubingwa. Zoezi hilo lingemfaa katika somo la Kiingereza pia, kwa kuwa kesho yake “get” inamsubiri.