Asilimia mbili ya utafiti i wapi?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 yasema bila utata kwamba kila mwaka wa fedha serikali itautengea Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Mwaka 2023 pato hilo lilizidi shilingi trilioni 15. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe: ni takriban shilingi bilioni 300. Tangu sheria hiyo ipitishwe, mfuko huo haujapata kuona fedha zinazokaribia kiasi hicho.

Tutaambiwa kwamba nchi ina madeni na hospitali hazina dawa. Ni kweli. Nakiri pia kwamba waliotunga sheria hiyo walikuwa na tamaa kubwa, kwani hicho ni kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hukifikia tu kwa kujumlisha fedha za serikali na za makampuni. Basi kiwango kipunguzwe kwa uwazi, Bungeni. Kuiacha sheria ilivyo na kuikiuka kila bajeti isomwapo ni kuwafunza wanafunzi wetu kuwa sheria ni pambo.

Pengo hujazwa na wafadhili. Kituo cha utafiti wa tiba cha Kilifi, kilichoanzishwa 1989 kwa ushirikiano wa taasisi yetu ya KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza, kimefanya kazi ya sifa kuhusu malaria, nami sina la kukilaumu. Hata hivyo, mfadhili aghalabu huja na swali lake tayari, na huondoka atakapo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, baadhi ya miradi ya utafiti wa afya barani Afrika ilikwama ghafla. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Na huyu si ndugu hata.

Katika uwanja wangu wa isimu, mfadhili mara nyingi hafiki kabisa. Kiyaaku cha msitu wa Mukogodo, Laikipia, kimebaki vinywani mwa wazee wachache mno, jamii yao ikiwa imekwisha kuhamia Kimaasai. Kidahalo cha pande za Tana na Lamu nacho kimo hatarini. Sarufi fupi ya Kidahalo iliandikwa na Mauro Tosco, ikachapishwa Hamburg mwaka 1991. Kitabu kikuu juu ya historia ya Kiswahili na lugha nduguze za Sabaki, cha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, kilitolewa California mwaka 1993. Tunawashukuru wataalamu hao. Lakini yapasa tujiulize ni vipi mtoto wa Garsen asome habari za jirani zake kutoka Hamburg.

Si kwamba kazi hii ina gharama ya kutisha. Haihitaji maabara. Yahitaji kinasa sauti, nauli, posho ya mzee na ya mkalimani, na miezi kadhaa nje ya darasa. Mwanafunzi wa uzamili asiye na hata hizo huchagua mada inayoandikika bila kutoka maktabani. Ndiyo sababu tasnifu nyingi zinazopita mezani pangu zahusu riwaya zile zile, na sithubutu kuwalaumu waandishi wake.

Watanzania hawakuwa matajiri kutushinda Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kamusi hiyo ingali inafunguliwa katika madarasa yetu ya Kenya.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Wabunge wa kamati ya elimu watakapoletewa makadirio yajayo ya bajeti, wamwulize Waziri mambo mawili: ni shilingi ngapi zimeingia katika Mfuko wa Utafiti, na katika hizo ni ngapi zitakazomfikisha mwanafunzi Mukogodo wazee wale wakiwa hai.