Mashuka Yaliyolowa si Siri ya Mtu Mmoja



Katika karatasi zetu hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba za landi, viatu vya kazi na barua zisizojibiwa. Leo twataka kusema juu ya mashuka yaliyolowa mkojo. Anayetaka kucheka acheke kwanza, kisha asome. Hapa kwetu Machakos, kando ya reli toka Athi River mpaka Konza na Ulu, twawajua wenzetu wanaofika kazini asubuhi macho mekundu, hawakulala hata saa mbili. Msimamizi hudhani walikuwa pombeni. Hawakuwa pombeni. Walikuwa wakiwaosha wake zao, na kuna akina mama vilevile ambao usiku kucha huwaosha waume zao.

Ugonjwa wenyewe ni ule wa kusahau, ambao madaktari wauita dimenshia. Si uzee tu, ni ubongo kuharibika. Namna moja ni ile aliyoieleza daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Namna nyingine hutokana na kiharusi na presha, na ziko nyingine tena. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao, na zaidi ya 60 kwa mia wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Basi asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Wazee wetu wengi walioachishwa kazi mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa Rift Valley Railways, sasa wamefika umri ambao ugonjwa huu huwa mwingi.

Huanza kwa kusahau ufunguo, kisha jina la mjukuu, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni. Mwishowe mwili nao husahau. Mtu hatambui tena kwamba kibofu kimejaa. Au atambua, lakini hajui mlango wa choo ni upi. Au afika mlangoni salama, na vifungo vya nguo vyamshinda. Hapo ndipo kujikojolea kunapoanza, na baadaye haja kubwa vilevile.

Sasa nani amwoshe? Kwetu Ukambani kuna jambo liitwalo nthoni, yaani ile haya yenye heshima inayomweka mtu mbali na mkwewe. Ni desturi njema na hatuji hapa kuitukana. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Mama mzee akipatwa na hali hii, mkwe wa kiume hawezi kumkaribia. Mwana wa kiume hataki kuuona uchi wa mama yake, na hatumlaumu. Binti ameolewa Yatta, au yuko Nairobi kwenye kazi ya watu. Mke wa mwana ana watoto wadogo na shamba. Tukimaliza kuhesabu amebaki mtu mmoja, naye ni mume. Tena yeye ndiye asiyekuwa na nthoni na mama huyu hata kidogo, maana wamelala kitanda kimoja miaka 30 au 40. Wanaume wanaosema kwamba desturi yawakataza kuwaosha wake zao, twawaomba watuonyeshe ni desturi gani. Sisi hatuijui. Tuijuayo ni uvivu uliovaa kanzu ya desturi. Lile Shirika la Afya lasema katika saa zote za kuwatunza wagonjwa hawa, 70 kwa mia zafanywa na wanawake. Hesabu hiyo haitupi sisi wanaume sifa yo yote.

Twamjua mwenzetu mmoja wa gengi, mtu wa miaka 57, ambaye mkewe alipigwa na kiharusi mara mbili. Mama huyo alipoanza kujikojolea, majirani walileta mashauri ya kila namna. Mmoja alisema amelogwa. Mwingine alisema ni ukaidi, apigwe kidogo ataacha. Ndugu, tuyakatae maneno haya kwa sauti moja. Mtu mwenye ugonjwa huu hajikojolei kwa ukaidi. Ukimpiga au kumgombeza hasomi kitu, kwa sababu kesho amesahau sababu, bali ule woga haumtoki. Na mtu mwenye woga huficha nguo zilizolowa chini ya godoro, au hukataa kuvuliwa. Na neno la uchawi lina hatari zaidi. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee anayesemasema peke yake usiku ni rahisi kusingiziwa.

Jambo la kwanza ni hospitali. Kujikojolea kukija ghafula, usikae ukasema ni ubongo tu. Huenda ni maambukizo katika njia ya mkojo, na hayo yana dawa. Huenda ni sukari. Kwa mwanamume huenda ni tezi dume iliyovimba. Huenda ni vidonge vya presha vile vya kutoa maji mwilini. Mwulize daktari kama vyaweza kunywewa asubuhi badala ya jioni, wala usibadilishe mwenyewe. Na liko jambo ambalo wengi hawalijui: mtu aliyefunga choo siku nyingi aweza kutokwa na kinyesi chepesi kinachopita pembeni ya kile kigumu. Watu wa nyumbani hudhani ni kuhara, humpa dawa ya kufunga tumbo, na hali yazidi kuwa mbaya. Ugali mkavu kutwa bila mboga wala maji huleta taabu hii. Apewe sukuma wiki, maharagwe, papai, na maji.

Naam, maji. Watu wengi humnyima mgonjwa maji ili asilowe. Mkojo huwa mzito, huchoma kibofu, huleta maambukizo, na mgonjwa hulowa zaidi kuliko kwanza. Anywe mchana kama kawaida. Chai na kahawa zipunguzwe jioni.

Kisha ni saa. Hapa watu wa reli tungeweza kuwafundisha wengine, maana sisi twaishi kwa saa. Treni haingoji dereva akumbuke kuondoka. Mgonjwa naye asingojwe akumbuke choo. Apelekwe kila baada ya saa mbili au tatu: akiamka, baada ya chakula, kabla ya kulala, na mara moja usiku. Usimwulize mbele ya watu kama anataka kukojoa. Mshike mkono, mwambie twende. Siku chache za kwanza andika kwenye daftari saa alizolowa. Mwenzetu yule wa gengi aliandika nyuma ya kalenda, akaona kwamba mkewe hulowa karibu kila siku kati ya saa nne na saa tano asubuhi, baada ya uji. Tangu hapo binti wa jirani humpeleka saa nne kasorobo, na nguo za mchana zimepungua sana. Usiku bado ni taabu, hatuwadanganyi. Tazama pia dalili: mgonjwa akianza kuvutavuta nguo, au kuzunguka chumba bila kutulia, huenda anatafuta choo na hana neno la kukiita.

Nyumba nyingi kwetu choo ni cha shimo, nacho kiko mbali na nyumba. Usiku, giza, mawe, magoti mabovu. Mzee akianguka akavunjika nyonga, basi umepata ugonjwa wa pili. Fundi seremala aweza kukitoboa kiti cha zamani katikati, ndoo yenye kifuniko ikawekwa chini yake, na kiti kikakaa karibu na kitanda. Hakigharimu fedha nyingi. Taa ndogo ya sola iachwe ikiwaka ili akione. Vyombo vingine vyenye umbo la ndoo viondolewe chumbani, asije akakosea. Nguo ziwe za mpira kiunoni, au leso tu. Mambo ya zipu na mshipi yamekwisha.

Ngozi yataka uangalifu mkubwa. Mkojo ukikaa mwilini huunguza, na mtu asiyeweza kugeuka kitandani hupata vidonda vya kulalia ambavyo kupona kwake ni shida sana. Aoshwe kila alowapo, mwanamke aoshwe toka mbele kwenda nyuma, akaushwe bila kusuguliwa, apakwe mafuta ya mgando. Akiwa hajiwezi kabisa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Mwoshaji naye anawe mikono kwa sabuni. Wakati wa kumwosha mfunike sehemu nyingine za mwili kwa leso. Aweza kulisahau jina lako, lakini haya bado anaijua.

Juu ya gharama tuseme kweli. Nepi za watu wazima zatumika 3 au 4 kwa siku. Zikiwa 3, mwezi ni 90, na hata nepi moja ikiwa shilingi 50 tu, hizo ni shilingi 4,500. Mzee wa miaka 70 aliyeandikishwa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, tena fedha hizo azila pia. Basi wengi wetu hutumia taulo kuukuu na vitambaa vya pamba vilivyokunjwa, na nailoni nene chini ya shuka, na nepi ya dukani huwekwa kwa usiku au kwa safari ya hospitali. Lakini vitambaa vyataka kufuliwa, na hapa ni Machakos. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, maji hununuliwa kwa mtungi au huchimbwa katika mchanga wa mto. Mgonjwa mmoja aweza kumaliza mitungi miwili ya lita 20 kwa siku kwa kuoshwa na kufuliwa tu. Nani anayeibeba? Huyo huyo aliyetoka shifti ya usiku.

Ndiyo sababu twasema jambo hili ni la chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi livu ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, mama aliyejifungua miezi mitatu, baba wiki mbili. Siku za ugonjwa ziko, 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, lakini ni za ugonjwa wake yeye mwenyewe. Kwa mume wa mgonjwa hakuna livu. Katika mikataba ya kazi tuliyoisoma mna siku za msiba. Maana yake, mkeo akifa utapewa ruhusa ya kwenda kumzika, bali akiwa hai na amelowa, hupewi hata asubuhi moja ya kumpeleka kwa daktari. Mwenzetu mmoja alipoomba asipangwe usiku kwa mwezi mmoja, aliambiwa na mkubwa wake kwamba kazi si hospitali. Twajua kazi si hospitali. Hakuomba kitanda, aliomba zamu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Jamaa wanafanya sehemu yao saa nane za usiku. Shirika la Kazi Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1964, lina Mapatano namba 156 ya mwaka 1981 juu ya wafanya kazi wenye jamaa wa kutunza, nayo yasema wazi kwamba mzigo wa namna hiyo hauwi sababu ya kumfukuza mtu kazi. Chama chetu kiiulize Serikali msimamo wake juu ya Mapatano haya. Kila mwezi twakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Chama kiulize pia mgonjwa wa nyumbani anapata nini katika fedha hizo.

Bali tusingoje Nairobi kwa kila kitu. Makueni, ambao mpaka 1992 walikuwa wilaya moja nasi, wahudumu wa afya wa vijijini wamefundishwa kuwapima wazee nyumbani kwa ugonjwa huu, katika kazi ya Africa Mental Health Research and Training Foundation. Kama Makueni wameweza, sisi twakosa nini? Nesi mmoja akija ofisi ya tawi siku ya Jumamosi, atuonyeshe jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kuuvunja mgongo wetu, itakuwa faida kuliko mikutano mitatu ya maneno. Na katika mazungumzo ya mkataba ujao twataka mambo mawili tu: mwenye mgonjwa wa namna hii, akileta barua ya daktari, apangwe zamu ya mchana karibu na nyumbani, na apewe siku 10 za livu kwa mwaka za kumtunza, mbali na zile 21.

Jambo hili litakuwa la kwanza katika mkutano wa tawi, kabla ya habari za viatu. Mwanachama aliye na mgonjwa amwone karani wa tawi faraghani. Jina lake halitasomwa. Na fundi seremala ye yote aliye tayari kutengeneza vile viti vilivyotobolewa alete vipimo vya mbao, misumari chama kitanunua.