Nani Kasema Picha Haisomwi?

Iko kasumba moja ya kikoloni ambayo skuli zetu zinaitumikia mpaka leo, tena bure bila ya mshahara. Mwaka 1939 Waingereza waliunda idara ya filamu za makoloni yao. Mkuu wake, William Sellers, alishika kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha iendayo mbio. Basi filamu za kumwonyesha ziende polepole, kamera isirukeruke, wala usiwepo ujanja wa kukata na kuunga. Eti atachanganyikiwa!

Sasa njoo Unguja. Royal ilifunguliwa Vuga mwaka 1921, ikaja kuungua, na katikati ya miaka ya 1950 ikasimama Majestic. Ndani ya kumbi za mji huu wazee wetu walitazama picha za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani. Chukua Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Inaanzia mahakamani, inarudi nyuma miaka mingi, halafu katikati inakutia ndotoni. Wazee wetu waliifuata, na wengi wao hata Kihindi hawakijui. Waliyakamata yale macho, ule muziki, ule mkato wa picha. Sellers alikuwa amekwishajibiwa, basi tu hakuwepo wa kumwambia.

Nani basi aliyemkubalia? Sisi wenyewe! Tunasoma Kiswahili miaka minne ya sekondari: riwaya, tamthiliya, ushairi, fani na maudhui. Mtoto anatoka kidato cha nne anajua tashibiha, tashihisi na takriri. Muulize kwa nini kamera imemtazama mtumishi kutokea juu na tajiri kutokea chini, atakukodolea macho. Si mjinga huyo. Hakuna aliyemfundisha kwamba na hiyo ni sentensi.

Na ni sentensi kweli. Baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwalimu mmoja wa filamu, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso uleule. Akauunga na sahani ya supu, akauunga na jeneza. Watazamaji wakaona njaa, kisha wakaona huzuni. Uso haukubadilika hata kidogo. Maana ilizaliwa pale picha mbili zilipokutana. Asiyelijua hili atalizwa na kuchekeshwa na kila mwenye kamera, na atadhani machozi yale ni ya kwake.

Wapo watakaosema filamu zinaharibu maadili. Haya, nakubali kuwa zipo za ovyo. Lakini watoto wanazitazama! Wanatazama za Kikorea, za Kituruki, na zile zilizotiwa sauti za ma-DJ, kwenye simu na kwenye vibanda. Skuli ikifunga mlango, mtoto hatoki kwenye picha. Anabaki nayo peke yake, bila ya mwalimu.

Wengine watasema vifaa hakuna. Vifaa gani? Televisheni moja na kipindi kimoja kinatosha. Msitazame filamu nzima, tazameni dakika tano. Simamisha, uliza: nani anaonekana, nani amefichwa, na kwa nini wamekata hapa?

Tena kitabu cha kuanzia tunacho. Adam Shafi alitoa Vuta N'kuvute mwaka 1999, riwaya ya Unguja ya miaka ya hamsini. Mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu. Viwekwe pamoja mbele ya darasa. Mwandishi anaweza kutuambia Yasmin anawaza nini. Mpiga picha hana sentensi hiyo, ana uso, taa, kichochoro na kimya. Nini kimepotea? Nini kimeongezeka? Hilo ni swali la mtihani, tena gumu kuliko "taja dhamira tatu".

Mimi natamani kuandika riwaya, na wapo wanaoniuliza filamu inanihusu nini. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya aliyekwisha kupata jina. Akaona wananchi wake wengi hawasomi Kifaransa alichokuwa akiandikia, akaenda Moscow kujifunza filamu. Hakukiacha kitabu. Aliwafuata wasomaji wake walipo.

Tamasha la filamu la nchi za majahazi, ZIFF, linafanyika hapa kwetu tangu 1998. Wageni wanakuja Ngome Kongwe kujadili filamu za Afrika, na mtoto wa skuli ya mtaa wa pili hana neno moja la kuchangia. Wizara ya Elimu haina haja ya kuunda somo jipya. Iweke filamu moja kwenye orodha ya vitabu vya fasihi, iwape walimu semina ya wiki moja, na mtihani uulize. Kisichoulizwa kwenye mtihani hakifundishwi. Hilo kila mwanafunzi wa Unguja analijua.