Tiketi Moja Hadi Singida

Tangu Julai 25, 2024, abiria wa treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, akitoka Dar es Salaam anafika Dodoma siku hiyohiyo bila kuchoka. Anayekwenda Singida, hapo ndipo safari yake inapoanza upya. Stendi kuu ya mabasi ipo Nanenane, mashariki mwa jiji, ilhali Singida ipo kaskazini-magharibi. Itambidi atafute bajaji, arudi alikotoka, akate tiketi ya pili, na magari yakiwa yameshaondoka atafute pa kulala.

Singida haijanyimwa reli. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, inakatisha mkoa huu kupitia Manyoni na Itigi. Kutoka Manyoni kuna tawi la kilomita zipatazo 115 hadi Singida mjini. Hata kipande cha SGR kinachoanzia Morogoro kinaishia Makutupora, ndani ya Wilaya ya Manyoni, na kutoka hapo reli mpya inaelekea Tabora.

Wapo wanaosema watu wavumilie tu, SGR ikifika Manyoni shida itakwisha. Haitakwisha. Njia hiyo haipiti Singida mjini, wala Kiomboi, wala Mkalama. Mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti au mgonjwa anayerudi kutoka Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, atashushwa Manyoni, na nyumbani bado kuna zaidi ya kilomita 100. Behewa la SGR haliwezi kuingia kwenye tawi la zamani: reli mpya ina upana wa milimita 1,435, ya zamani 1,000. Kushuka na kupanda tena hakuepukiki. Kinachoweza kuunganishwa leo ni ratiba na tiketi.

Kuunganisha treni na usafiri mwingine si jambo geni katika mkoa huu. Enzi za Waingereza idara ya reli ilikuwa na magari yake ya barabarani, na Itigi ilikuwa mahali pa kushukia treni kwa waliokuwa wakielekea Chunya na Mbeya kwa magari hayo. Nchini Kenya nako, ilipozinduliwa Madaraka Express, treni ya SGR ya huko, mwaka 2017, stesheni mpya ya Nairobi ilijengwa Syokimau, mbali na katikati ya jiji. Treni za reli ya zamani zikapangiwa saa za kuwapeleka na kuwachukua abiria wa treni hiyo mpya. Reli mbili za upana tofauti, abiria mmoja.

Shirika la Reli Tanzania, TRC, linaweza kuanza na basi. Liingie mkataba na kampuni za usafirishaji, basi la Singida lisimame kwenye stesheni ya SGR Dodoma na liondoke baada ya treni kuingia. Nauli ya kawaida ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilipangwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kuwa Sh31,000. Iongezwe ya basi, abiria alipe mara moja kwa simu. Mitambo si kikwazo, kwani tiketi za treni hiyo tayari zinauzwa kwa mtandao, na N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki, inatumika kwenye kivuko cha Kigamboni na kwenye viwanja vya mpira pia.

Ugumu upo kwenye wajibu. Treni ikichelewa saa mbili na basi likaondoka, nani anamlipia abiria? Tiketi moja isiyojibu swali hilo ni karatasi mbili zilizobandikwa pamoja. Mkataba utamke wazi kwamba aliyeuza safari nzima ndiye atakayemfikisha abiria mwisho wa safari, kwa basi linalofuata na bila nauli ya pili. LATRA, ambayo inasimamia reli na mabasi pia, ina mamlaka ya kulidai hilo.

TRC na LATRA wakae meza moja sasa, kabla SGR haijaanza kupeleka abiria Manyoni, na tawi la Singida lipangiwe treni ya abiria itakayofuata ratiba ya SGR.